Ziwa Lililochorwa kwa Masikio

Tusomapo katika Injili habari za Bahari ya Galilaya, kila mmoja wetu huiona bahari hiyo moyoni mwake kwa kadiri ya maji aliyoyazoea. Mtu wa Tanga au wa Mombasa huona mawimbi ya Bahari ya Hindi, na mbele yake hakuna nchi. Mtu wa Mwanza au wa Bukoba huiona Nyanza. Na mtu wa bara kavu, ambaye hajapata kuona maji makubwa kuliko ya mto wakati wa masika, hukusanya maji yote aliyopata kuyasikia akayafanya bahari moja. Lakini Bahari ya Galilaya ni ziwa dogo. Urefu wake ni maili 13, na upana wake, pale palipo papana, ni maili 8 tu. Mtu akisimama Tiberia siku ya mbingu safi huona vizuri vilima vya ng'ambo. Eneo la Nyanza lapita eneo la ziwa lile mara 400. Macho yetu hayakutukosesha, maana wengi wetu hatujafika huko. Lililotukosesha ni neno moja, "bahari," waliloliandika Mathayo na Marko na Yohana kwa desturi ya watu wa kwao. Luka peke yake huliita ziwa. Yeye alikuwa amesafiri pamoja na Paulo katika bahari iliyo bahari kweli, na nadhani mtu aliyepata kuvunjikiwa na merikebu hawezi tena kuyaita maji yote bahari.

Nimeanza na Maandiko kwa sababu twayajua sote. Ninalotaka kulieleza ni hili: neno katika kitabu, na mstari katika ramani, huweza kujenga nchi ndani ya moyo wa mtu kabla macho yake hayajaiona, na nchi hiyo ya moyoni ikiisha kujengwa, ni kazi kubwa kuibomoa, hata macho yenyewe yakishuhudia kinyume chake. Jambo hili lilitokea katika nchi zetu hizi zaidi ya miaka 170 iliyopita, na matokeo yake hayajaisha.

Tuitazame kwanza ramani yenyewe. Shuleni huitundika ukutani, na watoto hujifunza kusema "juu" badala ya kaskazini na "chini" badala ya kusini. Mtoto mmoja katika darasa langu aliniuliza maji ya Nile yawezaje kupanda kutoka Nyanza hata Misri. Wenziwe walimcheka, lakini yeye ndiye aliyeisoma ramani sawasawa na ilivyotundikwa. Mabaharia wa pwani yetu hawakuwa na juu wala chini. Kwao kaskazini ni upande uvumako kaskazi, na kusini ni upande uvumako kusi. Al-Idrisi, aliyemtengenezea Mfalme Roger wa Sicily ramani ya dunia mwaka 1154, aliweka kusini juu. Wakristo wa Ulaya wa zamani waliweka mashariki juu na Yerusalemu katikati, kama ionekanavyo hata leo katika ramani kubwa iliyomo katika kanisa la Hereford, Uingereza, iliyochorwa yapata mwaka 1300. Katika hao hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alishika dunia kama mtu ashikavyo kikombe, kwa mkono aliouzoea.

Ramani nyingi tulizozizoea ukutani zafuata mfano wa Mercator wa mwaka 1569. Bwana huyo aliwafanyia mabaharia kazi, ili njia ya merikebu ifuatayo dira iwe mstari mnyofu katika karatasi. Faida hiyo aliipata kwa gharama: nchi zilizo mbali na Ikweta hutanuka mno. Greenland huonekana kama yatoshana na Afrika, hali Afrika yaipita mara 14. Mwaka 2025 Umoja wa Afrika uliwaunga mkono wale watakao ramani ya namna hiyo iachwe. Shauri hilo ni jema. Lakini mimi naona kosa la ukubwa ni dogo, maana laweza kusahihishwa kwa hesabu. Lipo kosa la pili lililo gumu zaidi, nalo ni la ushuhuda: ni nani aliyeona, ni nani aliyeandika, na ni yupi kati yao asadikiwaye. Kwa hilo yatupasa twende Rabai.

Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na Johannes Rebmann akamfuata Rabai mwaka 1846. Wote wawili walikuwa Wajerumani, waliotumwa na chama cha misioni cha Kanisa la Uingereza. Mwaka 1848 Rebmann alisafiri kwenda Uchagani na watu wachache, kiongozi wa njia akiwa Bwana Kheri. Tarehe 11 Mei aliona juu ya mlima mrefu kitu cheupe kama wingu lisilotembea. Alipouliza kitu hicho ni nini, mmoja wa viongozi wake hakuwa na jina lake. Alijibu kwamba ni baridi tu. Rebmann, aliyezaliwa katika nchi ya theluji, alijua mara moja maana ya baridi ile. Naye alisikia habari ya mfalme wa Uchagani aliyepeleka watu mlimani wakamletee ile fedha ing'aayo. Wengi walikufa, na aliyesalia alirudi na mikono na miguu iliyolemaa. Hakuna fedha duniani iwezayo kufanya hivyo. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Desemba 1849, Krapf akiwa Kitui kwa Kivoi, mkubwa wa Wakamba, aliona kwa mbali mlima mwingine wenye weupe ule ule, nao ndio tuuitao Kenya.

Habari hizi zilipigwa chapa London katika gazeti la misioni. Hapo ndipo alipotokea William Desborough Cooley. Huyu alikuwa mtu wa elimu nyingi, na maisha yake yote hakupata kukanyaga Afrika. Alisoma vitabu vya Wareno, akalinganisha maneno ya lugha, akahojiana na Mswahili mmoja aliyefika London, Khamis bin Uthman. Na kwa vitu hivyo alijenga Afrika nzima chumbani mwake. Katika Afrika hiyo ya Cooley hamkuwa na theluji karibu na Ikweta. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1852 alikana ushuhuda wa Rebmann, kana kwamba macho ya mtu yule yalimdanganya, au mawazo yake yalimfanya aone alilolitaka.

Tusimdharau Cooley upesi. Alikuwa mtu wa kupima maneno, naye ndiye aliyewafundisha wengi kwamba habari za wafanya biashara wa Unguja zina thamani. Tena ni kweli kwamba wasafiri wengi husema uongo. Lakini wataalamu wa Ulaya walikuwa wamekwisha kujua ya kuwa huko Amerika ya Kusini, karibu na Ikweta, mlima Chimborazo una theluji, kwa kuwa Humboldt aliupanda mwaka 1802 karibu afike kileleni. Basi theluji ya Ikweta haikuwa muujiza. Lililomshinda Cooley halikuwa theluji, bali shahidi. Alikuwa amekwisha kuandika, na Rebmann alikuwa mtu maskini wa Rabai aendaye kwa miguu. Palipotokea shauri kati ya karatasi iliyopigwa chapa na mtu aliyeona, watu wengi wa London walisimama upande wa karatasi.

Rebmann hakupiga kelele. Alirudi Uchagani, akaona tena, akaandika tena; safari zake zilikuwa tatu katika mwaka 1848 na 1849. Kisha mwaka 1862 Mjerumani von der Decken, pamoja na Otto Kersten, alipanda Kilimanjaro hata futi kama 14,000, theluji ikawaangukia. Hata hapo Cooley hakukubali upesi. Kilele chenyewe kilifikiwa na Hans Meyer na Ludwig Purtscheller tarehe 6 Oktoba 1889. Rebmann alikuwa amekwisha kufa miaka 13 mbele yake, baada ya kukaa Afrika miaka 29, naye aliondoka hapa akiwa karibu kipofu. Na katika mabishano yote hayo, nisomapo sioni mahali ambapo mtu wa London alifikiri kumwuliza Mchaga, aliyeutazama mlima ule kila asubuhi akitoka nje ya nyumba yake.

Sasa nafika kwa ziwa. Yafaa tukumbuke kwamba Rebmann, huyu aliyeonewa na mtu wa vitabu, ndiye yeye aliyeshiriki kutengeneza ramani iliyokosea kuliko zote. Mwenziwe, Jakob Erhardt, alikaa Tanga miezi kadhaa mwaka 1854, akiwauliza wafanya biashara wa misafara habari za bara. Rebmann naye alifanya vivyo hivyo kwa watu waliopita Rabai. Watu hao walikuwa wametoka bandari mbalimbali. Wengine walipita njia ya Kilwa, wengine njia za Mrima kwenda Unyamwezi, wengine njia za Tanga na Pangani. Wote walisema neno moja: ukienda siku nyingi kuelekea machweo utafika penye maji makubwa, na ng'ambo yake huioni, au huiona kwa shida. Twasema sisi, penye wengi hapaharibiki neno. Erhardt na Rebmann waliona mashahidi wengi wanapatana, wakahukumu kwamba maji hayo yote ni maji mamoja.

Wakachora ziwa moja, na mfano wa ziwa lile katika ramani ni kama koa, yule mdudu wa jamii ya konokono asiyebeba nyumba. Lilianza karibu na Ikweta, likateremka hata karibu na nyuzi 14 za kusini, urefu wa zaidi ya maili 800, likaitwa Bahari ya Unyamwezi. Erhardt aliichukua ramani hiyo Ulaya mwaka 1855. Ikapigwa chapa huko Ujerumani, na mwaka 1856 ikatolewa katika gazeti la misioni la Uingereza. Wataalamu wa chama cha jiografia cha London walistaajabu, wengine wakacheka, lakini hakuna aliyeweza kulala. Mwaka ule ule chama kilimtuma Richard Burton pamoja na John Speke waje kuona kwa macho.

Hapa naomba msomaji atulie kidogo, maana kosa lile lina mafundisho mengi kuliko kosa la Cooley. Wale wafanya biashara hawakusema uongo. Aliyepita njia ya Kilwa alifika Nyasa kweli. Aliyepita Unyamwezi akaenda Ujiji alifika Tanganyika kweli. Aliyekwenda upande wa kaskazini alisikia habari za Nyanza, na Nyanza ipo. Erhardt na Rebmann nao hawakuongeza neno la uongo. Wala hawakuficha kwamba waliyoyachora waliyasikia tu. Kila neno katika ushuhuda ule lilikuwa kweli, na ramani iliyotoka humo ikawa ya uongo. Uongo ulizaliwa mahali mawili yalipounganishwa, pale ambapo hakuna aliyesema kitu. Mtu asimuliaye kwa mdomo akifika mwisho wa anachokijua hunyamaza, na kunyamaza kwake husikika. Lakini kalamu ichorayo ukingo wa ziwa haiwezi kunyamaza katikati ya ukingo. Lazima iendelee mpaka ikutane na mwanzo wake. Na mtu aitazamaye ramani haoni ni wapi ukingo ulichorwa kwa habari na ni wapi ulichorwa kwa sababu kalamu ilikuwa ikitembea. Wino wote una rangi moja.

Mambo kama hayo yalikuwako pia upande wa magharibi wa Afrika. Mwaka 1798 James Rennell, mchora ramani wa Kiingereza, alichora safu ndefu ya milima iliyoitwa Kong kwa kutumia habari za safari ya Mungo Park, na wachora ramani wengine wakanakili kwake, mmoja kwa mwingine, kwa karibu miaka 90. Ndipo Mfaransa Binger alipopita huko kati ya mwaka 1887 na 1889, akakuta hakuna safu ya milima kama hiyo. Watu walikuwa wameinakili milima kama wanafunzi wavivu wanakilivyo hesabu.

Lakini turudi kwa ziwa letu. Burton na Speke waliondoka pwani katikati ya mwaka 1857, wakafika Kaze, karibu na mahali paitwapo Tabora sasa, mwezi wa Novemba. Huko walipokewa na Mwarabu mmoja, Snay bin Amir, aliyekuwa amesafiri sana. Speke aliifungua ile ramani ya wamisioni mbele yake. Snay hakuwa na haja ya vyombo vya kupimia. Alisema kwamba kusini liko ziwa Nyasa, magharibi liko ziwa la Ujiji, kaskazini liko ziwa la Ukerewe, na kwamba wale wamisioni walikuwa wameyafanya maziwa matatu kuwa moja. Basi ramani iliyowasumbua wataalamu wa Ulaya ilisahihishwa barazani Kaze, kwa mazungumzo tu. Speke mwenyewe aliandika habari hiyo, naye astahili sifa kwa hilo, maana wengi waliomfuata walichukua maarifa ya watu kama Snay na kuyatia mfukoni bila kutaja jina.

Yaliyofuata yanajulikana, nami sitakawia. Mwezi wa Februari mwaka 1858 walifika Ujiji, wakaiona Tanganyika. Tarehe 3 Agosti mwaka ule ule Speke, Burton akiwa amebaki Kaze, aliiona Nyanza kutoka upande wa Mwanza, akasema hapa ndipo chanzo cha Nile. Burton hakukubali, yeye alitaka chanzo kiwe Tanganyika. Mwaka 1862 Speke alirudi akaona mahali Nile itokapo Nyanza, huko Jinja, lakini ugomvi haukuisha. Mwaka 1859 Livingstone alikuwa amekwisha kufika Nyasa, na mwaka 1871 yeye pamoja na Stanley waliona ya kuwa mto Rusizi waingia Tanganyika wala hautoki. Mwaka 1875 Stanley aliizunguka Nyanza yote kwa mashua. Koa wa Rabai alikatwa vipande vitatu, na vipande hivyo vyote vikawa maziwa ya kweli.

Mtu aweza kusema, kosa limesahihishwa, basi pana hasara gani? Kwa ziwa lile hasara ni ndogo. Tena naona lilitenda kazi njema kuliko ramani nyingi zilizokuwa sahihi, kwa kuwa liliwatoa watu vyumbani mwao. Hasara ilikuja wakati ramani zilipoacha kuwa maswali zikawa hati za kugawana nchi. Alipokosea Rebmann, wasafiri ndio waliokuja kumsahihisha. Waliokuja nyuma yake walipokosea, nchi yenyewe ililazimishwa kufuata karatasi.

Mwaka 1885 Wajerumani na Waingereza walikuwa wakishindania Uchagani, na Wajerumani walikuwa wamefanya mkataba na Rindi wa Moshi, aliyejulikana pia kwa jina la Mandara. Mwaka 1886 serikali zile mbili zilipatana juu ya mpaka: uanze mlangoni mwa mto Umba, ufike ziwa Jipe, upite kati ya Taveta na Uchagani, uzunguke miguu ya Kilimanjaro upande wa kaskazini, kisha uende mnyofu hata Nyanza, penye nyuzi moja ya kusini. Mlima ukawa wa Wajerumani, Mombasa ikawa ya Waingereza. Wadigo wakajikuta huku na huko, na Wamasai, na Wakuria. Lakini waulize watu wengi leo kwa nini mpaka umepinda pale, watakuambia kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake, Kaisari wa Ujerumani, mlima ule uwe zawadi ya siku ya kuzaliwa. Hadithi hiyo imo vitabuni, na wageni huambiwa wanapokuja kupanda. Ni tamu, kwa hiyo haifi. Ila yatosha kuangalia miaka: mwaka 1886 mjukuu huyo hakuwa Kaisari, aliyetawala alikuwa babu yake upande wa baba, na yeye alikuja kutawala mwaka 1888. Mimi naichukia hadithi hii kwa sababu nyingine pia. Yamfanya mtu afikiri kwamba nchi za watu ziligawanywa kwa upuuzi wa bibi na mjukuu, hali ziligawanywa na watu wenye akili timamu, mchana kweupe, wakiwa na ramani mezani.

Hakuna habari ionyeshayo jambo hili wazi kuliko ile ya mlima Mfumbiro. Mwaka 1861 Speke akiwa Karagwe, kwa Mfalme Rumanyika, aliona mbali sana upande wa magharibi vilele virefu vyenye ncha. Hakuvifikia. Alikisia urefu wake kuwa futi 10,000, akautia katika kitabu na ramani yake mlima wenye jina Mfumbiro. Miaka 29 ikapita. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia sahihi mkataba mwingine wa kugawana, na katika kifungu cha kwanza waliandika kwamba magharibi ya Nyanza mpaka utafuata nyuzi moja ya kusini hata nchi ya Kongo. Lakini Mfumbiro usiwe katika upande wa Wajerumani, na ukionekana kuwa kusini ya mstari, mstari upindwe uuache nje. Mabwana hao waligawana mlima ambao hakuna hata mmoja wao aliyejua ulipo. Nao hawakuona haya, maana ulikuwa umeandikwa.

Wazungu walipofika huko wenyewe, Mfumbiro mmoja haukuonekana. Palikuwa na safu ya milima ya moto, minane mikubwa, kila mmoja na jina lake kwa wenyeji: Muhabura, Gahinga, Sabinyo, Bisoke, Karisimbi, Mikeno, Nyiragongo na Nyamuragira. Bufumbira lilikuwa jina la nchi iliyo chini yake upande wa kaskazini, nchi ya mashamba na watu, iliyohesabiwa kuwa chini ya mfalme wa Rwanda. Twasema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mlima wa Speke haukuwapo, lakini ulikuja: ulikuja kwa sura ya madai. Waingereza walisema wana haki ya Mfumbiro kwa mkataba, basi lazima wapate kitu kinachoweza kuitwa Mfumbiro. Wajerumani walikuwa na maneno yao, na Wabelgiji wa Kongo walikuwa na ramani yao nyingine, nayo ilikuwa na makosa yake. Mwaka 1909 askari walipelekwa huko, kambi zikatazamana.

Shauri lilikatwa Brussels, mwezi wa Mei mwaka 1910. Mpaka ulipitishwa juu ya vilele vya Muhabura, Gahinga na Sabinyo. Bufumbira ikatiwa Uganda. Ndugu zao wa upande wa pili wa milima wakabaki Rwanda, iliyokuwa chini ya Wajerumani. Na wa magharibi wakawa watu wa Kongo. Musinga, mfalme wa Rwanda wakati ule, hakuwapo mezani Brussels, wala hakuwapo mkulima yeyote ambaye shamba lake lilikuwa upande huu na kaburi la baba yake upande huu mwingine. Watu walihamishwa kutoka ufalme hata ufalme bila kuinua mguu.

Leo Kisoro, mji wa Bufumbira, uko Uganda. Watu wake hunena Kirufumbira, na mtu atokaye Rwanda awasikia bila mkalimani, maana lugha ni ile ile moja. Penye lango la Cyanika, chini ya Muhabura, watu huvuka kwenda kwa jamaa na kwenda sokoni, wakionyesha karatasi zao kwa askari wa upande huu na kwa askari wa upande ule. Juu ya Sabinyo nchi tatu hukutana kileleni. Na mtu akipanda huko siku isiyo na ukungu, akautafuta ule mlima mmoja wa kitabu uliofanya haya yote, ataona milima mingi mizuri, kila mmoja na jina lake, na Mfumbiro hautakuwa mmoja wao.